Dishi Jeupe la Mzee Kelepi

“Foili hiyo itupe, baba. Ina mafuta ya lū, itaharibu mawimbi,” alisema Ilaisaane, akimpokonya mzee Kelepi karatasi iliyookewa lū, nyama ndani ya majani ya magimbi, Jumapili iliyopita.

Kelepi hakubisha. Binti yake alisomea ufundi wa umeme mji mkuu, Nuku'alofa. Elimu yake yeye iliishia shambani. Kwa dishi lao la kunasia mtandao wa simu, Ilaisaane ndiye aliyekataa pia wavu wa kuku, eti matundu ni makubwa, na bati, eti lina kutu. Akachagua kipande cha mashua ya faiba kilichopinda kama bakuli, akakisugua mpaka kikawa cheupe kama madishi ya kwenye mnara wa simu kule Pangai, ng'ambo ya maji.

Simu ikaning'inizwa mbele ya dishi. Haikushika mtandao hata kidogo.

“Mzee Kelepi, hilo ndilo beseni la kuogeshea nguruwe?” jirani yao Sosefo aliuliza juu ya ua. “Mawimbi yanataka chuma, bwana! Faiba na plastiki yanapenya tu, kama moshi kwenye makuti.”

“Wewe ulisomea wapi, Sosefo? Jikoni kwa mkeo?” Kelepi akamjibu.

Kelepi alitaka kitu kimoja: kusikia sauti ya Fatai, mwanawe aliyehamia Auckland, kabla masikio hayajaziba kabisa. Mguu wake mbovu haukuweza tena kupanda mashua. Kila Ijumaa Ilaisaane ndiye aliyevuka na simu yao hadi Pangai, kwenye mtandao, na kila Ijumaa alirudi na maneno yaleyale.

“Hajapiga, baba. Kazi zimembana. Hata ujumbe hakuna.”

Kisha humwekea baba yake kipande cha samaki kinono kuliko vyote.

Jumapili hiyo, walipokwisha kula, Kelepi alisingizia mguu. Ilaisaane akaenda ibada ya alasiri peke yake. Njia zilikuwa tupu; siku ya Bwana, hapo kisiwani, hakuna aliyethubutu kushika hata jembe. Kelepi akavuta kutoka chini ya kitanda foili alizokuwa akizificha na kuziosha, akazibandika ndani ya dishi kwa uji wa muhogo, ule ambao wanawake hugundishia nguo za magome.

“Nisamehe, Mungu wangu,” alinong'ona. “Ni mwanangu.”

Simu ikalia. Ujumbe wa sauti.

Aliubonyeza. Ilikuwa sauti ya Fatai, nene kuliko alivyoikumbuka.

“Ilaisaane, nimechoka kurudia kila wiki. Sina baba. Alinifukuza nyumbani kwa sababu nilivua samaki Jumapili. Basi akae na Jumapili yake. Mwambie nimekufa, mwambie lolote. Usinililie tena.”

Kutoka kanisani ukasikika wimbo wa mwisho. Kelepi aliufuta ujumbe. Akabandua foili, uji ukiwa bado mbichi, akalipangusa dishi kwa shati lake la ibada mpaka likawa jeupe tena.

Ilaisaane alimkuta ameketi mbele ya dishi.

“Bado halishiki, mwanangu,” alisema. “Kesho tujaribu plastiki.”