Kodi ya Akodiani

Akodiani yangu ilifika bandari ya Tanga Jumanne, na kwa furaha hata chai haikunishuka. Nauli ya meli tulikuwa tumeshailipa kwa sauti ya jogoo wetu. Siku hizi anapanda ukutani, anafumbua mdomo, na hakitoki kitu. Ilibaki kodi ya forodha, na kwa ala kubwa kodi hulipwa kwa sauti ya mtu. Ikishachukuliwa hairudi.

"Nitatoa yangu," nilimwambia ofisa. "Siitumii sana."

Alinisogezea kipimo mdomoni, akatabasamu. "Binti, hii haifiki hata robo. Labda ungeagiza filimbi."

Mama aliangua kicheko. Kilijaa ofisi nzima, na mshale wa kipimo ukaruka mpaka mwisho.

"Basi chukua hicho," akamwambia ofisa, huku akifuta machozi.

"Mama, usitoe."

"Wewe watu huwezi kuwasemesha, mwanangu. Acha akodiani ikusemee. Mimi nimeshacheka vya kutosha."

Alasiri nilikaa jamvini uani, nikaivuta. Ikanguruma, kisha ikaimba, na vidole vyangu havikuona haya hata kidogo. Majirani wakajaa mlangoni wakipiga makofi, na kwa mara ya kwanza sikukimbilia ndani.

Nikamtazama Mama. Alikuwa amejifunika uso kwa upindo wa kanga, mabega yakimtikisika. Nilitega sikio nijue kama anacheka au analia. Sikusikia kitu, nami nikaendelea kupiga.