Neno Lililo Sahihi

"Bibi, mwanamke ile mwenye filimbi ni mke ya nani?" mjukuu aliuliza mbele ya mtungi wa kale wa Kigiriki uliochorwa watu wakiwa karamuni, katika jumba la makumbusho jijini London.

"Sema 'yule'. Sema 'mke wa nani'. Wala huyo hakuwa mke wa mtu."

Dinah, bintiye Bibi na mama wa mtoto, alikuwa amechutama akimfunga mtoto koti. "Wagiriki walimwita mwandani," alisema. "Alijua mashairi, akakaa karamuni na waume za watu. Wake walibaki nyumbani."

"Tutumie neno lililo sahihi," Bibi alimkata kauli. "Ni kimada."

Uso wa mtoto ulichangamka. "Kama Mama! Ulimwambia dada yako kwenye simu, 'Dinah ni kimada wa mume wa mtu.'"

Vidole vya Dinah vilisimama. Kifungo cha juu kilibaki nusu ndani ya tundu, nusu nje. Hakuinua macho.



Mtoto aliwatazama wote wawili. "Nimekosea ngeli, Bibi?"

"Hapana, mwanangu," Bibi alijibu. "Sentensi yako haina kosa."