Kawa ya Rangi Mbili

Mzee Shaali alikuwa amejaza sebule yake vitu vya zamani, vinu, vyungu, hata milango ya nakshi. Siku aliyowakaribisha majirani kuvitazama, Bi Mwanashiya alisimama mbele ya kawa ya ukindu, kile kifuniko cha chakula chenye ncha, iliyotundikwa peke yake ukutani, akaitambua.

"Hii ndiyo roho yangu," mzee aliwaambia wageni. "Tazameni zambarau inavyogeuka manjano ghafla! Fundi huyu alikuwa na akili. Namtafuta miaka yote."

Bi Mwanashiya alijua akisema kweli, kawa itashushwa. Lakini Mungu alikuwa akimwona.

"Mzee Shaali, hapo hapakuwa na akili. Rangi iliniishia. Nilikuwa na miaka tisa, na shangazi akanifukuza nayo: 'Peleka jikoni aibu yako, isionekane na wageni!'"

Mzee akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Kumbe ni wewe! Na unakaa mtaa wa pili tu!"

Akaitungua kawa. "Shika kazi yako, bibi, tukuone nayo."

Bi Mwanashiya akaivaa kichwani, ncha juu, akatoka nayo barazani, na kina mama wakamfuata kwa vigelegele.