Haramia Aliyekula Jogoo

Mji mzima haukuwa na mtafsiri wa filamu hodari kumshinda Bi Zuwena. Wala haukuwa na mwingine. Siku ya katuni ya maharamia aliingia banda la video na kisasi chake, akashika maikrofoni huku akimkodolea macho jirani yake Sihaba, aliyeapa kwamba jogoo wa Bi Zuwena aliyepotea hajamwona hata unyoya.

Haramia mwovu akachomoa upanga. Bi Zuwena akamsemea: “Jogoo wa Zuwena nimemla mimi! Ila mpishi wangu, jamani! Mchuzi maji matupu, nyama ngumu kama kandambili!”

Watu wakaangua kicheko.

Sihaba akaruka kwenye benchi. “Shoga, usinitukane! Nilimuunga kwa nazi mbili, akaiva hadi mifupa ikaachia!”

Bi Zuwena akashusha maikrofoni, akamgeukia taratibu. Kwenye skrini, haramia akabaki anafumbua mdomo bila sauti.