Jiko la Peupe

Mwanakheri aliuchagua mgahawa ule wa pizza za Kinapoli kwa sababu jiko lake liko peupe. Ukikaa mezani unamwona mpishi akilitandaza donge la unga kwa vidole, akipaka nyanya, akitupia jibini, kisha akiisukuma pizza motoni kwa ubao wa mpini mrefu. Hakuna pazia.

"Umeona mwenyewe," alimwambia Saumu, mke mwenzake. "Si jiko langu, si lako."

Tangu mimba ya Saumu iharibike, mtaa mzima ulisema ni ule uji aliopelekewa na bi mkubwa. Saumu mwenyewe hakuwahi kuyakubali wala kuyakanusha maneno hayo.

Pizza ililetwa nzima, kingo zimebabuka, haijakatwa. Mwanakheri alipokigusa kisu, Saumu alimkazia macho mikononi. Basi Mwanakheri akaipandisha mikono ya baibui hadi viwikoni, viganja vikaonekana vitupu, ndipo akakata.

"Karibu, mdogo wangu."

"Tangulia wewe, dada."

Mwanakheri akachukua kipande, akauma. Jibini likamchoma ulimi, machozi yakamlengalenga. Akatafuna hivyo hivyo, akameza, akakirudisha kipande sahanini mwake. Akangoja.

Mkono wa Saumu ukanyanyuka polepole. Ukapita juu ya vipande vyote vilivyobaki, ukavuka meza, ukachukua kile chenye alama za meno ya Mwanakheri. Akakifikisha karibu na mdomo, macho yakiwa bado usoni kwa bi mkubwa.