Mpaka Kumi

Baharia Mtaliana alikuwa anakata roho, na padri hajafika. Alimng'ang'ania mkono nesi wake, Wanu, akisema maneno mengi ya kwao.

"Jamani, anataka nini huyu?"

"Bi Wanu, hata sisi hatumfahamu," alijibu mgonjwa wa kitanda cha pili.

Kwao Wanu, Makunduchi, anayekata roho haachwi bila ya sauti sikioni. Lakini Kitaliana cha Wanu kilikuwa hesabu tu, aliyofundishwa na baharia mwenyewe kila alipompima mapigo ya mshipa.

Akainama. "Uno," akanong'ona. "Due. Tre."

Baharia akatulia, midomo ikimfuatisha.

"Nove. Dieci."

Baharia akafumbua macho, akaubana mkono wa Wanu, akingoja kumi na moja. Hiyo alikuwa bado hajamfundisha.