Miwani ya Kabatini

"Baraza la Macho linawatangazia wananchi wote kwamba vibweta vya kuhifadhia miwani ya watoto sasa vinapatikana pia kwa rangi ya zambarau."

Kwa kuwa kila mtu hupewa miwani moja tu maishani, Mwanakombo alimchagulia bintiye Raiye, wa miaka minne, fremu ngumu kuliko zote, kisha akaifungia kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Daktari alionya kwamba macho yasipozoezwa miwani mapema hupofuka. Mama aliiogopa zaidi sakafu ya saruji.

Siku ya Idi Raiye alivishwa miwani.

"Mama, kumbe una mvi!"

"Nitazame upesi, mwanangu. Wageni wanaaga."

Idi iliyofuata, Raiye hakuona kitu hata kwa miwani. Baraza liliikagua, halikukuta mkwaruzo, likaamua kuiongezea dhamana ya miaka kumi.